Usimeze, Mama

Kila asubuhi, kabla ya salamu, Kijiko alimnusa binti. Alimsimamisha mlangoni, akainamisha pua shingoni, kisha kwenye viganja, kisha akamwamuru afumbue mdomo. Siku binti alipopaka mafuta yenye harufu alirudishwa kunawa kwenye bomba la uani, na maji ya bomba lile asubuhi yanauma. Siku aliyokuja na kitunguu cha jana kwenye pumzi alifukuzwa mpaka mchana. Shikamoo yake haikupokelewa hata siku moja.

Kijiko alikuwa meneja wa maabara ya ladha katika kiwanda cha viungo vya mchuzi, vile vya unga vinavyouzwa kwa pakiti ndogo kila duka. Wafanyakazi walimwita hivyo kwa sababu ya kijiko kirefu alichokichomeka kwenye mfuko wa juu wa koti lake jeupe, karibu na mahali ambapo watu wengine huwa na moyo. Binti alikuwa mwanafunzi wa chakula na lishe aliyetumwa na chuo kufanya kazi pale mwaka mzima. Kijiko ndiye angempa alama mwisho wa mwaka. Bila alama hizo hakuna shahada, na mama yake angekuwa ameinamia jiko miaka yote ile bure.

Mama aliuza wali na maharage katika kibanda cha mabati nje ya karakana ya mbao. Maseremala walikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, wakala, wakapangusa sahani kwa kidole. Mama hakuwahi kumuuliza mtu kama chakula ni kizuri. Aliyekula kimya aliongezewa. Aliyetia chumvi kabla ya kuonja alinyang'anywa sahani akaambiwa akale kwao.

Chumba cha kuonjea kiwandani kiligawanywa kwa mbao, kila muonjaji na sehemu yake, na kila sehemu na kidirisha na taa nyekundu, ili macho yasiusaidie ulimi. Upande wa pili wa kidirisha alikaa fundi wa maabara, mzee mpole aliyesukuma vikombe vyenye namba. Muonjaji alionja, akaeleza, akatema kwenye kopo, akasukutua. Ukutani paliandikwa kwa rangi ya mafuta: KINACHOTOKA MDOMONI NDANI YA CHUMBA HIKI NI MALI YA KIWANDA. Binti alidhani ni habari ya usafi.

Miezi ya mwanzo aliosha vikombe tu. Kisha siku moja Kijiko akamwonyesha kiti.

"Wewe wa chuo, kaa hapo. Kwenu mnakula nini?"

"Maharage ya mama."

"Yaeleze. Na usiniambie ni matamu. Hilo ni neno la wavivu."

Binti alikuwa amefundishwa kueleza, na alikuwa na hamu ya kusifiwa na mtu ambaye hasifu. Akaanza na kitunguu, jinsi mama anavyokiacha kwenye mafuta mpaka kingoni kiwe cha kahawia na katikati kibaki laini. Akaja kwenye nyanya, jinsi zinavyopondwa kwa mkono, zikapikwa mpaka mafuta yajitenge. Hapo uzi wa kahawia, mzito kama asali, ulianza kushuka kutoka kwenye mdomo wake wa chini. Fundi alipitisha mkono kidirishani akakinga chupa chini ya kidevu chake.

"Usimeze," alisema. "Wewe endelea tu."

Akaendelea. Akaeleza moshi wa mkaa, na sahani ya bati inayotumika badala ya mfuniko, na jinsi mchuzi unavyoshika wali bila kuulowesha. Chupa ikafika nusu. Kijiko alichovya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Mwili upo," akasema. "Mkia hakuna. Inakatika ukimeza. Mama yako mwishoni anatia nini?"

"Sijui. Ikifika mwisho hunituma maji."

"Basi kajue."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na binti alikuwa kibandani akigawa sahani. Seremala mmoja mnene, mteja wa tangu kibanda kikiwa mwavuli, alitafuna mara mbili, taya likasimama.

"Mama, leo umetupikia picha ya maharage."

Mama akamnyang'anya sahani kama kawaida, akaonja ili apate nguvu ya kumtukana vizuri. Ilikuwa maji ya moto yenye vitu laini ndani. Akamwaga sufuria nzima, akapika upya, ikawa vilevile. Aligombana na muuza maharage, akagombana na muuza chumvi, akamfokea jirani wa viazi vya kukaanga kwamba ana jicho baya. Wiki haikuisha maseremala walikuwa wanavuka barabara kwenda kwa huyo huyo wa viazi. Waliobaki ni wazee wachache, kwa ajili ya kitu kidogo kilichokuja baada ya kumeza, ambacho hakuna aliyejua kukitaja. Kitu hicho ndicho kilichokuwa kimekishikilia kibanda.

Binti alijua, na aliona aibu hata kumtazama mama akikoroga. Jumatatu ya wiki iliyofuata alimfuata Kijiko.

"Naomba mnirudishie ile chupa."

"Unajua kusoma? Soma ukutani."

"Mama anapoteza wateja."

"Na mimi napoteza muda. Lete mkia upate alama zako. Usipoleta, nitakieleza chuo kwamba hukujituma, na mwakani uanze upya kwingine, kama kuna kwingine watakakokuchukua."

Uani, fundi alikuwa anaosha chupa. Binti alimuuliza kama ladha ikitoka inaweza kurudishwa. Mzee akatikisa kichwa. Ukiimwaga inapotea, alisema, na ukiinywa inakaa kwako mpaka uende chooni. Mwanafunzi wa mwaka jana alitoa supu ya bibi yake. Ndiyo ile pakiti ya njano.

"Na bibi mwenyewe?"

"Hajambo. Anatumia ya njano."

Jioni hiyo binti alimweleza mama yake yote, akiwa amepiga magoti kando ya beseni la vyombo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Umenivua nguo mbele ya watu nisiowajua," akasema. "Halafu unaniambia ulikuwa unajibu swali."

Asubuhi alijifunga kitambaa kichwani na kushika njia ya kiwandani. Binti alikimbia nyuma yake akimsihi. "Mama, ukiingia mle usiseme kitu. Nakuomba. Simama tu umtazame."

"Mimi? Nisiseme?"

Kijiko hakumnusa. Alisimama, akamwamkia shikamoo, akampokea mkoba, akamvutia kiti. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya chumba cha kuonjea, mbele ya kidirisha, na binti alipokiona alishika mkono wa mama yake kumzuia. Mama aliupangua mkono huo akakaa.

"Tumekuita mama kwa heshima tu," alisema Kijiko, ingawa hakuna aliyemwita. "Tumeyapima maharage yako. Hayana la ajabu. Ni bahati ya maji ya huko kwenu, basi."

"Bahati?" Mama alisema.

"Mama, nyamaza!"

"Usininyamazishe mbele za watu! Bahati ndiyo inayoniamsha alfajiri? Bahati ndiyo iliyoniunguza huu mkono? Wewe na kijiko chako umewahi kupika nini kikaliwa? Bakuli la mwisho la maharage nalitoa mimi, nalitia kwenye kikaango kikavu, nasimama juu yake naliunguza makusudi mpaka lishike chini, lakini lisiwe jeusi, ndipo nalikwangua nalirudisha sufuriani, na mchuzi wote unajua umepikwa na mtu! Bahati!"

Uzi ulikuwa umeshaanza kushuka, huu karibu mweusi. Binti aliweka kiganja mdomoni mwa mama yake, ukapita katikati ya vidole. Mkono wa fundi ukatoka kidirishani na chupa.

"Usimeze, mama," alisema fundi.

Mama aliitazama chupa, akamtazama binti yake. Alikuwa na mengine mengi ya kusema, ya miaka mingi, nayo yalishuka pamoja na lile la kikaango mpaka chupa ikajaa. Kisha akajifuta kidevu kwa ncha ya kitambaa. Kijiko alionja.

"Mkia huo," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akatabasamu. Binti alimchukia hata meno yakamuuma. Alichukia zaidi kwamba sehemu fulani ndani yake ilifurahi kutabasamiwa.

Mhadhiri wa chuo alikuja kukagua mafunzo. Alipewa koti jeupe na sahani ya wali, akala yote, akauliza maswali mawili kuhusu kiwango cha chumvi. Alimsifu binti kwa kuiunganisha jamii na viwanda, akasema wanafunzi wengine hukaa mwaka mzima wakiosha vikombe. Alama zilikuwa za juu kuliko za mtu yeyote darasani.

Pakiti mpya ilitoka kabla ya mvua. Ilikuwa nyekundu, na mbele ilikuwa na picha ya mama mnene mwenye meno meupe, aliyekodiwa kwa picha. Kwenye duka la karibu na karakana ililetwa katoni nzima, na mama alikuwa mteja wa kwanza. Aliikata kwa meno, akaimimina kwenye sufuria, akakoroga. Maseremala walirudi. Yule mnene alipangusa sahani kwa kidole na kusema mama amejirudi. Siku moja mgeni alitia chumvi kabla ya kuonja, maseremala wote wakainua vichwa kungoja, na mama akamsogezea kopo la chumvi karibu zaidi.

Binti alikabidhi koti siku ya mwisho. Mlangoni Kijiko alikuwa ameinama kwenye shingo ya kijana mwingine wa chuo, aliyesimama wima na kukaza macho mbele. Binti alitaka kumwambia kitu, lakini fundi alikuwa anapita na trei ya chupa tupu, na kijana alikuwa ameshafumbua mdomo.

Alifika kibandani wateja wakiwa wameondoka. Mama alimpakulia, akasimama kando na upawa mkononi. Yalikuwa yale yale, kitunguu, nyanya, moshi, na ule mwisho wa kuungua unaokuja baada ya kumeza. Binti alikula kimya, akamaliza, akapangusa sahani kwa kidole, akangoja kuongezewa.

"Chakula ni kizuri, mwanangu?" mama aliuliza.

Upawa ulibaki pale pale hewani. Mama alikuwa anasubiri jibu.