Viko Visivyorudi

Kwa miaka thelathini na minne fundi viko, mtengenezaji wa viko vya kuvutia tumbaku, alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia bila haya: viko vyake havirudi. Fundi viatu wa mlango wa pili alirudishiwa soli zilizobanduka. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara alirudishiwa saa zimesimama palepale zilipokuwa zimesimama mwanzo. Lakini kiko kikishatoka kwa fundi viko, ndiyo kimetoka. Hajawahi kumwona mteja akiingia na kiko mkononi na uso umemkunjamana. Kila aliyekubali kusikiliza alielezwa habari hiyo, na asiyetaka kusikiliza alielezwa vilevile.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye karakana ya majeneza, alimjibu siku moja kwamba hata wateja wake yeye hawajawahi kurudi kulalamika. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Fundi hakucheka. Shemeji huyo kwa miaka mitatu amekuwa akimwambia aje apige msasa majeneza, kazi ipo na haitakwisha, na fundi kwa miaka mitatu amekuwa akimjibu kwamba atafikiria. Sasa muda wa kufikiria ulikuwa unayoyoma. Wavutaji wa viko wamehamia kwenye sigara au makaburini, na mwenye nyumba amekwisha sema kwamba mwezi ukiisha bila fundi kupata kazi ya maana, chumba kile atakigawa kwa wauza simu.

Yeye mwenyewe fundi havuti. Baba mkwe wake alikufa kwa kifua, alikohoa miezi minane katika chumba cha uani, na binti aliyemuuguza ndiye aliyekuja kuwa mke wa fundi. Alipochumbiwa alitoa sharti moja tu: viko atengeneze apendavyo, ila kisiwashwe hata kimoja kinywani mwake. Fundi aliapa. Alikuwa na miaka ishirini na sita na anapenda, angeapa hata kutokula chumvi. Na kiapo alikishika. Akitaka kujaribu kiko, alikipuliza tu kikiwa kitupu. Pumzi ikipita, kazi imekwisha.

Ndipo alipotokea Mwenye Maduka. Mtu huyu alikuwa na maduka matatu ya tumbaku katika miji mikubwa, na alikuwa ameona kiko cha fundi kwenye kabati la vioo nyumbani kwa mwalimu mkuu mstaafu. Kiko chenyewe, alisema, kina miaka ishirini na mitano na kinang'aa utadhani kimetoka jana. Alitaka viko mia mbili kila mwaka, ila kwanza aone vichache vya mfano baada ya wiki moja. Fundi aliposikia hivyo alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo.

Wiki nzima hakula vizuri. Alichagua vipande vya mizizi ambavyo alikuwa amevikausha juu ya kabati miaka minne, akavikata, akavibana kwenye jiliwa, akavitoboa kwa keekee akitumia kibao chake cha kuongozea tundu, akakwangua, akapiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akamaliza kwa nta na kitambaa laini. Viko saba. Mkewe alikuja kuviangalia, akavishika kimoja kimoja, akasema ni vizuri. Hakusema zaidi, lakini fundi alikuwa amezoea, mkewe si mtu wa sifa.

Mwenye Maduka alifika saa nne asubuhi. Alivigeuza viko dirishani, akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya mti, akatikisa kichwa kwa raha. Kisha akatoa mfuko wa tumbaku, akajaza kimoja, akaketi, akawasha. Fundi alisimama karibu na meza, mikono nyuma. Hapo ndipo lilipomjia wazo la ajabu, kwamba katika maisha yake yote hajapata kumwona mtu akivuta kiko chake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Halafu kiko kikaanza kukoroma. Kwanza kidogo, kisha sana, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Mwenye Maduka aliuma midomo, akameza kwa shida, akachomoa mdomo wa kiko na kuutikisa. Maji meusi yakadondoka sakafuni. Akajaribu tena kuvuta, uso ukamkunjamana, kiko kikazimika. Ulikuwa uso uleule ambao fundi alijigamba hajawahi kuuona.

Mgeni hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kiko kipoe, akagonga majivu, akapitisha waya shingoni na kumwita fundi achungulie. Waya ulitokeza ndani ya kichwa cha kiko, lakini juu ya sakafu yake. Chini ya waya palikuwa na nafasi ambayo kijiti cha kiberiti kingelala bila kuguswa. Akaeleza kwa upole kwamba tundu linatakiwa litokee sakafuni kabisa, la sivyo tumbaku ya chini haiungui, inaloa, na mvutaji anakunywa uchungu. Wakapima vile sita vingine. Vyote sawa. Fundi akashusha vya rafuni, vya mwaka jana, vya mwaka juzi, kimoja cha zamani kabisa alichokiweka kama ukumbusho. Vyote sawa, kijiti kinalala.

"Hiki kibao nani alikutengenezea?" aliuliza Mwenye Maduka.

"Mimi mwenyewe."

Alikitengeneza mwaka aliofungua duka. Bwana aliyemfundisha kazi alitoboa kwa jicho, kiko kimoja asubuhi nzima, na kijana fundi aliona huo ni ushamba. Kwa kibao aliweza kutoboa vinne kwa muda uleule. Hakukikagua tena, maana hakuna aliyelalamika.

Fundi alisema atatengeneza kibao kipya leo leo, viko vingine vitakuwa tayari wiki ijayo, sakafuni kabisa, mgeni apime mwenyewe. Mwenye Maduka alijibu kwamba atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri. Mlangoni aligeuka akasema, "Fundi, mkono kama wako sijauona. Ila mimi nauzia watu wanaovuta." Akaomba kimoja cha kupamba dirisha la duka. Fundi akamfungia kwenye karatasi, akakunja pembe vizuri kama alivyozoea, na roho inamuuma.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa mwalimu mkuu, akamkuta barazani, akamuuliza bila hata salamu ya kutosha kama kile kiko cha kabatini alipata kukivuta. Mzee aliona aibu. Alijaribu kuongelea uzuri wake, fundi akamngoja amalize.

"Siku ile ya kwanza tu," alisema mwalimu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikileta mwenyewe. Mimi, daktari, sijui nani, wote tuliletewa nyumbani. Ulikuwa umefurahi mno. Nani angeanza?"

Wote. Fundi aliondoka akiwahesabu barabarani: daktari, hakimu, nahodha, mwenye kinu. Watu wazima na akili zao, kila mmoja na kiko chake kabatini, kila mmoja na huruma zake. Laiti angetokea mkorofi mmoja wa kuja kumtupia kiko mezani.

Alimkuta mkewe kitandani, amekaa na kapu la nguo kavu, anakunja. Alikuwa amekwisha amua kumwambia kwamba yeye na mgeni hawakuelewana, basi. Lakini alipofungua kinywa yalitoka yote, waya, kijiti, kibao, kabati la mwalimu. Alipomaliza alishangaa kwamba mkewe hashangai.

"Nilijua," alisema mkewe. "Mke wa mwalimu alinidokeza. Huyu wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya."

Mtoto wao huyo wa mwisho sasa ana watoto wake mwenyewe.

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia ungevuta."

Alitaka kukataa, akashindwa. Anajijua. Angewasha siku ileile, hicho na kinachofuata, kimoja baada ya kingine mpaka apate tundu sawasawa, na baada ya hapo asingeacha, kwa kuwa fundi wa kweli haachi kujaribu kazi yake.

"Baba nilimzika," mkewe alisema. "Wewe nikasema nikuweke. Wakuite fundi mbaya, lakini uwepo."

"Umeniweka nifanye nini sasa?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua, na alimtazama akingoja. Mkewe akatoa shati jingine kwenye kapu, akaanza kulikunja.