Vipimo vya Monsieur Duni

Iwe wazi kwa wakazi wote wa Bertrams, kuanzia uwanja wa mpira hadi robot ya kona, zile taa za magari, kwamba familia tukufu ya Mama Brigitte inatafuta mpangaji wa nyumba yake ya uani: mtu wa adabu, asiyepiga muziki alfajiri, wala kuazima sufuria akasahau ni ya nani.

Tangazo hilo lilibandikwa getini kwa plasta ya kidonda. Aliyeliandika ni Murielle, bintiye, mwenye miaka kumi na saba, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako alijifunza kuandika barua za kujitetea na hesabu kidogo sana. Hesabu zenyewe zilikuwa nyuma ya karatasi hiyohiyo, zimesahihishwa kwa wino mwekundu.

Siku ya tatu akaja Eva, mhandisi wa maji kutoka Morogoro, aliyepata kazi Randburg. Huko Randburg alikaa miezi miwili katika fleti safi ambayo majirani zake hawakumuuliza lolote, hata jina. Akajaribu Hillbrow. Mwenye chumba aliona picha kwenye simu ya Eva, na papo hapo akakumbuka kwamba kuna mpwa wake anayekihitaji chumba hicho.

"Mtaishi wangapi?" Mama Brigitte aliuliza, mguu uko kwenye cherehani.

"Wawili, Mama. Mimi na mwenzangu. Anaitwa Duni, anakuja mwisho wa mwezi."

"Anafanyaka kazi gani?" Mama aliuliza kwa Kiswahili cha kwao.

"Fundi umeme."

Cherehani ikanyamaza. Mtungi wa umeme wa kuchemshia maji kule darini ulikuwa umekufa tangu Pasaka.

"Bwana fundi umeme! Murielle, leta chai. Ile ya maziwa!"

Getini, Eva alimshika Murielle mkono. "Mdogo wangu, mama yako hajanielewa. Duni ni mwanamke. Ni mpenzi wangu, mwaka wa sita sasa. Acha nirudi nimwambie."

"Dada Eva, niachie mimi. Mama ukimpa habari ghafla anajishona kidole."

"Mwambie kweli, basi. Sitaki kuishi tena mahali pa kujificha. Kama hataki, nijue mapema."

"Nitamwambia leo leo."

Kesho yake Murielle akampigia simu. "Nimemwambia. Amesema karibuni."

Hakuwa amemwambia hata nusu neno. Eva akahamia na masanduku mawili, mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana, na Murielle akaanza kujiburudisha kwa msaada wa lugha yenyewe, kwa maana katika Kiswahili yeye ni yeye tu, awe na sharubu au hereni.

"Huyu Duni ni mrefu?" Mama aliuliza wakiosha vyombo.

"Mrefu."

"Anakunywaka pombe?"

"Chai tu, Mama."

"Ndevu je?"

"Ndevu zake hata uzitafute huzioni."

Juma lililofuata Eva alileta overoli ya Duni iliyoharibika zipu. Mama Brigitte akaitandaza mezani, akaipitishia futi juu na chini, akaipima mara ya pili, kisha akavua miwani.

"Nitamushonea shati ya kumukaribisha," alisema. "Monsieur Duni ana umbo nzuri."

Murielle alipaliwa na mkate, ikabidi atoke nje kucheka.

Jumamosi ya kuwasili, Mama alimwita Papa Hénock, mzee wa kanisa, aje kuombea nyumba. Alikuja na suti na tai pana kama ulimi wa ng'ombe. Bakkie, pikapu iliyobeba vitu vya Duni, ikasimama, dereva akashuka, na kabla hajafunga mlango Papa Hénock alikuwa amemkumbatia.

"Karibu, Monsieur Duni! Mungu aibariki ndoa yako na Eva, idumu milele, amina!"

"Sharp, baba, sawa," alijibu dereva, aliyetaka tu mtu wa kumsaidia kushusha friji.

Mlango wa pili ukafunguka. Akateremka mwanamke mrefu mwenye hereni, kisanduku cha vifaa mkononi. Eva akaenda kusimama kando yake. Uso wa Eva ulikuwa umebadilika.

"Murielle," alisema polepole, "ulimwambia?"

Hapo ndipo kichekesho cha wiki tatu kilipokauka. Murielle aliona Eva alivyomshika Duni kiganja, kama watu wanaojua tayari namna ya kupakia upya vitu vyao. Mama Brigitte aligeuka. Akaingia ndani.

Alirudi na nguo: blauzi ya kitenge, imebana kiunoni, imeachiwa kifuani.

"Vaa, mwanangu," alimwambia Duni. "Mikono ikikubana, nitaachia."

"Mama ulijua?" Eva alinong'ona.

"Niko fundi miaka makumi mbili na mbili! Ile overoli, mwanaume gani ana nyonga ya vile? Hata Papa Hénock hana."

Papa Hénock akajitazama nyonga. "Lakini Mama Brigitte," alisema kwa shida, "nimeisha kuombea ndoa."

"Basi amina imetoka. Utairudishaje?"

Mzee akakohoa, akamgeukia Duni. "Na friji, unatengenezaka?"

"Natengeneza, baba," alisema Duni. Eva akacheka, machozi yakimtoka.

"Sasa weye," Mama akamgeukia bintiye. "Sema."

"Nilimdanganya Dada Eva. Naomba radhi." Murielle aliongea na vidole vyake vya miguu. "Mwanzoni ilikuwa kucheka tu. Halafu nikaogopa. Ungekataa angeondoka, na mimi ningekuwa nimeshajua."

"Ungejua nini?"

"Unavyowaona watu kama wao. Nilitaka kujua, kwa ajili yangu mimi, kabla..."

"Kabla ya nini?"

"Kabla likizo haijaisha."

Mama Brigitte alimtazama kama anavyotazama kitambaa cha mteja kabla ya kukitia mkasi, bila haraka, upande mmoja kisha wa pili. Akamrekebisha kola.

"Eish, mtoto huyu. Basi sasa umejua. Kuna kingine?"

Upepo ulikuwa umeibandua plasta upande mmoja, tangazo likipepea getini na wino wake mwekundu nje. Murielle akavuta pumzi.

"Asilimia thelathini na moja, Mama. Hesabu. Iko nyuma ya tangazo."