Saa Nane ya Mashine

Mtaani walimwita Mwalimu wa Bati, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alipopata kazi ya kuifundisha mashine Kiswahili alitamba kwa kinyozi, akatamba dukani, akatamba hata msibani, kwamba siku hizi wanafunzi wake ni mabati yasiyoomba ruhusa ya kwenda chooni. Watu wakacheka, na jina likamganda kama ruba.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutambia. Ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye chumba kirefu chenye madirisha yaliyofungwa ili vumbi lisiingie kwenye kompyuta. Mashine inasoma sentensi kwa sauti, wewe unabonyeza: sahihi, au si sahihi. Kila sentensi wanapewa watu watatu wasioonana. Wawili wakikubaliana, wa tatu ndiye aliyekosea, hata kama ni yeye tu aliyesikiliza. Ukikosea sana, siku moja unafungua kompyuta inakushukuru kwa mchango wako, na kiti chako kinapata mwenyewe kabla hakijapoa.

Ndipo ikaja ile saa. Kwenye skrini paliandikwa kwamba ofisi hufunguliwa 8:00, na mashine ikasoma kwa madaha, ofisi hufunguliwa saa nane. Mwalimu akacheka peke yake. Mtoto wa chekechea anajua kwamba hiyo ni saa mbili asubuhi, na kwamba saa nane watu wameshakula cha mchana wanasinzia. Akabonyeza si sahihi. Wenzake wawili, huko waliko, waliona nane, wakasikia nane, wakabonyeza sahihi wakasonga mbele, maana anayelipwa kwa kipande hana muda wa kufikiri. Mwalimu akakatwa alama. Saa ikarudi kesho yake na keshokutwa, akakatwa tena.

Akamwendea msimamizi wao, mama mmoja mpole aliyekuwa akitafuna karanga kutwa nzima. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, wala hakubisha.

"Hata mimi najua, Mwalimu," alisema. "Lakini wengi wape. Usipowapa, watakichukua kiti chako."

Akawapa. Kuanzia siku hiyo saa nane ikawa sahihi, saa tisa sahihi, saa saba sahihi, na alama zake zikapanda. Wakati wa chai walitaniana kuhusu saa ya mashine na saa ya mama aliyekuzaa, wakacheka mpaka machozi. Aibu ya wengi ni nyepesi kubeba.

Lakini mwanafunzi akihitimu, mwalimu wa nini tena? Safu za viti zikaanza kubaki tupu, na Mwalimu akawa anapewa kazi nusu siku. Matumaini ya nyumba yakamwangukia mkewe, aliyetunza ghala miaka mingi hadi ghala lenyewe likafungwa. Sasa alikuwa ameomba kazi kwenye bohari kubwa ya vifurushi pembezoni mwa jiji, ajira ya kudumu. Walishakubaliana kwamba akiikosa hiyo, watoto wataenda kuishi kwa bibi yao na wao wawili watatafuta pa kujibanza. Mdogo alikuwa ameshaanza kuuliza kama kwa bibi kuna taa.

Jioni moja Mwalimu alimkuta mkewe anaimba huku anapiga pasi blauzi. Amepigiwa simu, alisema, usaili ni kesho saa nane. Mwalimu akairudia saa hiyo moyoni. Akauliza aliyepiga alikuwa mtu au mashine.

"Mtu, bwana. Dada ana sauti tamu huyo, kaniita mpendwa."

Hakuna dada wa ofisini anayemwita mtu mpendwa, ni mashine ndizo husema hivyo, na Mwalimu alilijua hilo kuliko yeyote. Alitaka kusema. Lakini kusema kungeanzia mbali, kungeanzia kwenye kidole chake mwenyewe, na mke alikuwa na furaha ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. Akajiambia kampuni kubwa kama ile haiwezi kutumia mashine iliyofundishwa juu ya duka la misumari. Akamsifia blauzi, akalala.

Kesho yake alirudi kutoka kazini akamngoja. Mkewe aliingia jioni, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alifika mapema, alisema, akajifuta vumbi getini. Mlinzi akamwambia usaili uliisha asubuhi, na nafasi zimejaa. Hakuwa peke yake. Getini walikuwa kundi zima, wamevaa vizuri, wamebana vyeti kwapani, na wote waliambiwa saa nane. Mlinzi alisema kila wakiita watu, wengine huja saa hizo, naye amezoea kuwarudisha.

"Si watu husema wengi wape?" mkewe aliuliza. "Sisi tulikuwa wengi. Mbona hatukupewa?"

Mwalimu akamwambia. Alimwambia yote, alama na karanga na saa ya mama, macho yake yakiwa sakafuni. Alipomaliza, mkewe alimgeukia.

"Jana nilipokwambia, ulijua?"

"Nilihisi."

"Sikukuuliza kama ulihisi."

"Nilijua."

Mkewe akatikisa kichwa taratibu. Hakupandisha sauti, na Mwalimu aliomba moyoni apandishe.

"Basi leo niambie ukweli, hata wa kitu kidogo tu. Saa hizi ni saa ngapi?"

Mwalimu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tano, na jua la jioni lilikuwa limeingia hadi miguuni pao. Alifungua mdomo kujibu upesi, kama mtu anayetaka kusamehewa.

"Saa tano," akasema.

Alijisikia akiisoma saa kama mashine, akaufunika mdomo kwa mkono. Mkewe alimtazama, kisha akainuka, akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za watoto.