Kitako cha Gobore la Kasonde

Gobore lilifika kwa Katongo likiwa limeviringishwa katika kipande cha wavu mkuukuu, begani kwa Davison. Nyuma yake alikuja Felistus, mjane wa Kasonde, ambaye watu wa Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, walimwita Bana Jessy, yaani Mama Jessy, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Federesheni ya wakoloni. Kasonde alikuwa amezikwa kabla ya mvua, na mpwa wake Davison, aliyerudi kutoka migodini Luanshya, ndiye aliyerithi jina lake na bunduki yake.

Katongo alikuwa fundi wa mitumbwi na magobore. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na mpaka uzee ule Kibemba chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Kazini alisema Kiswahili, na wauza samaki wote walimwelewa.

Akaufungua wavu. Bamba la chuma lililofunika kitako, pale bunduki inapoegemea bega, lilikuwa limeliwa na kutu, na pembe ya chini ya mti ilikuwa imemeguka.

"Mutu akipiga na hii, itamutoboa bega," alisema.

"Ndiyo tumekuja, baba," alijibu Davison. "Kiboko anamaliza mihogo yetu, na juzi amepindua mutumbwi wa Watson. Ukate tu palipooza, upigilie bati, nende."

"Nikikata, itakuwa fupi zaidi. Na mikono yako mirefu kama kasia. Bunduki ikirudi nyuma, kidole gumba chako kitakupiga pua."

Felistus alikaa juu ya gogo. Katongo akapitisha kiganja kwenye mti wa bunduki, akakuta mahali palipobonyea na kung'aa, palipolainishwa na shavu la mpigaji kwa miaka mingi. Akapima kwa macho, akapima tena kwa mkono. Kasonde alikuwa mtu wa kuinama akiingia mlangoni. Shavu lake lisingefika pale hata kidogo. Tena miaka yake ya mwisho macho yake yalikuwa na ukungu, watu wakawa wanasimulia kwamba anapiga viboko kwa kusikia tu.

"Bana Jessy," aliita taratibu, "nishikie kidogo."

Felistus alimtazama Davison kwanza, kisha akasimama. Bunduki ilipanda begani kwake bila kutafuta njia, na shavu likatulia palepale.

Davison akauliza, "Mama, ni wewe?"

"Macho ya mujomba wako yalianza kufa zamani," alisema. "Alikuwa anasikia kiboko anapumua, ananionyesha kwa mukono. Mimi napiga. Nyama ikifika, wanamushangilia yeye."

"Na haukukasirika?"

"Kukasirika nini? Tulirudi njia nzima tunacheka wawili." Akaishusha bunduki. "Lakini ni yako sasa. Desturi ni desturi."

Davison aliinama, akawa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. "Mama, kule mugodini nilishika koleo. Bunduki sijapiga hata siku moja. Niliona haya kusema." Kisha akamgeukia fundi. "Baba, upime bega lake."

Katongo hakukata kitu. Pembe iliyomeguka aliiunga kwa kipande cha mninga, akakibana kwa vijiti vya mti huohuo. Bamba jipya alilifua kwa shaba iliyotoka Katanga, akaligonga polepole juu ya gogo mpaka likapinda kufuata bega. Kisha akalipaka masizi ya taa, akalikandamiza kitakoni, akaliondoa. Palipobaki weusi ndipo palipozidi. Akapakwangua kidogo, akapaka tena. Kazi hiyo haitaki haraka. Alipoona mti wote umeshika weusi, alijua mbao na shaba vimekubaliana. Akaziba matundu ya zamani, akatoboa mapya, akazipaka skrubu nta ya nyuki ili zisipasue mti, akakaza.

Alfajiri moja mlio ulisikika kutoka kwenye matete, na watu wakatoka na visu na vikapu. Katongo alikwenda pia, kuangalia kazi yake. Alimkuta Felistus ameketi ukingoni, bunduki mapajani, anasugua bega. "Inasukuma," alimwambia, "lakini haiumi."

Watu wakaanza kumsifu Davison. Yeye akapanda juu ya mzoga wa kiboko na kuwaambia wazi nani aliyepiga, na nani aliyekuwa akipiga siku zote. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Zacharia, mdogo wake Kasonde, hakupendezwa.

"Bunduki ya ukoo haiendi kwa mwanamuke!"

"Haikwenda, mujomba," alisema Davison. "Bunduki ni yangu. Baruti nabeba mimi. Kupiga ni kazi yake."

Zacharia alinung'unika, akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, lakini kila mtu alikuwa ameshainamia nyama. Naye akakunja mikono ya shati, akauliza mgongo unaanza kukatwa na nani.