Picha ya Moyo wa Nzilani

Asubuhi hiyo Nzilani, muuza vitunguu wa Kambu, alikuwa ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja ya Makueni, akitafuna mkate mkavu, kifua chake kilipoanza kuwa wazi kama kioo cha dirisha kilichopanguswa. Akafungua vifungo vya blauzi. Moyo ulionekana wote.

"Mzee Nzau, hebu niangalie hapa," alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mzee akavaa miwani. "Unapiga, lakini kwa shida," alisema, akairudia redio yake.

Nzilani alikuwa akingoja moyo huo uonekane tangu figo zake zife. Dada yake Kaveke alikuwa tayari kumpa figo moja, ila wapasuaji wa Nairobi walikataa kumpasua Nzilani bila picha ya moyo wake. Walisema wagonjwa wa figo wengi huuawa na moyo. Mashine ya picha ilikuwapo papo hapo hospitalini, nyuma ya mlango wenye kufuli. Ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, na wa kuitumia hakuajiriwa.

Daktari Tariq alivuta kiti, akatazama bila haraka. Ukuta wa moyo upande wa kushoto ulikuwa umenenepa. Mishipani chokaa ilikuwa imeganda, nyeupe kama ile inayobaki kwenye sufuria ya maji ya kisima.

"Hatari ipo," alisema. "Lakini ukitibiwa mapema, upasuaji unawezekana."

"Basi waandikie."

"Hawatakubali, mama. Wanataka picha ya mashine."

"Hii ni ya mwenye moyo."



Alipomaliza kusafishwa damu, Nzilani hakufunga vifungo. Alienda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi, akaketi mbele yake. Mkurugenzi alizungumza akitazama dari: bajeti, taratibu, subira.

"Utaniangalia sasa au utaniangalia nikiwa maiti," Nzilani alisema. "Chagua."

Mkurugenzi akamwomba ajifunike.

Wiki iliyofuata kifua cha mzee Nzau kikawa wazi, kisha vya wodi nzima. Sista Mishi alizoea kuipitia mioyo yao kabla ya kupima presha, na palipokuwa na moyo uliochoka alipunguza kasi ya mashine. Wa mzee Nzau ulisimama Ijumaa mchana, wote wakiuona. Mtu akazima redio.

Jumatatu hospitali ilileta mapazia ya kijani, kila kitanda na lake. Mlango wenye kufuli haukuguswa.

Nzilani alilivuta lake mpaka likang'oka. Mafundi wakalirudisha, wakalikaza kwa skrubu. Sasa kila anapokuja hulikuta limefungwa. Hulifungua mwenyewe, kwa mkono usio na sindano, kisha huketi wima, kifua kikielekea koridoni, na wanaopita humsalimia wakiuona moyo wake.