Kofia Iliyovuka Daraja

Msichana mgeni alibisha mlango wa Archie Mawhinney saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Archie hakumsikia. Miaka thelathini na moja ya kugonga chuma ilikuwa imemwachia masikio ya kupambia kichwa tu. Alikuwa mezani na uji wake wa shayiri, akimtazama mkewe, Bella, akiipiga brashi kofia nyeusi ya duara, ngumu kama kibuyu, waliyoinunua Jumamosi.

"Usiisugue sana," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Itaisha kabla sijaivaa."

"Kunywa uji wako, mzee. Leo unakuwa nyapara, usije ukaingia ofisini na kofia yenye mavumbi."

Kwenye kiwanda cha meli mfanyakazi huvaa kepu ya kitambaa na nyapara huvaa kofia ngumu, na ugumu ule una sababu yake. Ribiti, ule msumari mnene wa chuma unaopigwa ukiwa mwekundu kwa moto, huweza "kuponyoka" juu jukwaani na kumwangukia mtu asiyependwa. Archie mwenyewe aliwahi kuponyokwa na ribiti mbili kwa wiki moja, zote juu ya nyapara mmoja. Bella alikuwa akimcheka tangu Jumamosi kwamba sasa ni zamu yake kunyeshewa.

Lakini kofia ile haikuwa mchezo. Archie alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kila jioni mkono wake wa kushoto ulitetemeka hata chai ikamwagika kwenye kisahani, na kiwandani zilikuwa zimeshaanza kuja nyundo za upepo wa mashine, ambazo hazichoki wala hazizeeki. Mpiga ribiti aliyechoka hupewa ufagio, na baada ya ufagio huonyeshwa geti. Mwenye kofia hana haja ya kuogopa ufagio. Saa moja na nusu asubuhi hiyo Bwana Haslett, meneja wa kitengo chao, alikuwa anamngoja ofisini amtambulishe.

Mlango ukabishwa tena, safari hii kwa nguvu. Bella akaenda kufungua.

Msichana aliyesimama pale alikuwa na shali iliyolowa na uso wa mtu aliyelala ameketi. "Hapa ndipo kwa Bwana Mawhinney? Yule wa mkono wa kushoto?"

"Inategemea anayeuliza ni nani."

"Naitwa Cassie Magorrian. Mimi ni binti yake Dinny. Tumeshuka sasa hivi kwenye meli ya Glasgow."

Bella aligeuka na kulitamka jina lile polepole, midomo ikiwa wazi, ili mumewe alisome. Archie akaweka kijiko chini. Hakuwahi kumwona msichana huyu, lakini kidevu kile alikijua. Alikuwa amekitazama kwa miaka kumi na tisa, upande wa pili wa kila ribiti.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Ingia ndani, umelowa."

Cassie akasita kizingitini. Katika mtaa ule wa Ballymacarrett watu wote walikuwa Waprotestanti, na akina Magorrian walikuwa Wakatoliki. Kwa miaka kumi na tisa Archie na Dinny waligawana tumbaku, moshi na kikombe cha chai, lakini hakuna aliyewahi kukaa kwenye meza ya mwenzake. Ndivyo Belfast ilivyokuwa, na walikuwa wameizoea kama watu wanavyozoea jiwe ndani ya kiatu.

"Asante, mama," Cassie akamwambia Bella, akaingia. Bella akamkatia mkate wa soda na kuupaka siagi, tena siagi nene, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya jioni ya furaha.

Msichana akatoa barua shalini. Ilitoka kiwandani. Ilisema kwamba kutokana na wingi wa kazi, wapiga ribiti walioondoka Julai iliyopita wanakaribishwa kurudi. Chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi: kampuni haitawajibika kwa lolote litakalompata mfanyakazi njiani wakati wa kuja au kuondoka.

"'Walioondoka,'" Bella akasoma kwa sauti. "Eti walioondoka. Kana kwamba walikwenda matembezini."

"Baba yuko gatini," Cassie akasema, uso ameuelekeza kwa Archie ili aione midomo yake. "Amekaa juu ya mfuko wake wa nyundo. Hawezi kuvuka daraja la kwenda kiwandani peke yake, watamrukia. Amesema nisikulazimishe. Amesema nikuambie tu kwamba amefika, na kama una shughuli, atapanda meli ya jioni arudi Glasgow bila kinyongo."

"Amesema hivyo? Bila kinyongo?"

"Amesema wewe una mke, na mtaa wako ni huu."

Archie aliutazama mkono wake wa kushoto. Shuleni mwalimu alikuwa akiufunga kwa kamba nyuma ya kiti na kumwita mtoto wa shetani. Kiwandani ndiko alikogundua kwamba kila jozi ya wapiga ribiti humhitaji mtu wa mkono wa kulia na mtu wa mkono wa kushoto, la sivyo nyundo zinagongana hewani. Siku ya kwanza walipopangwa pamoja, Dinny Magorrian aliushika mkono ule, akaugeuza kama mtu anayenunua farasi, akasema, "Afadhali umekuja. Nimechoka kupigwa viwiko na watu wa kawaida."

Halafu ulikuja mwaka ambao Archie alivunjika kifundo cha mkono. Dinny aliambiwa achukue mtu mwingine wa kushoto. Akakataa. Wiki sita alibeba mbao kama kibarua ili nafasi ya Archie isijazwe. Nyumba hii, jiko hili, mkate huu uliokuwa mezani, Archie alijua vimesimama juu ya wiki sita zile.

Na Julai? Siku Wakatoliki walipofukuzwa kiwandani kwa vipigo, yeye alikuwa ndani kabisa ya tumbo la meli, akikagua kazi ya asubuhi, na kiziwi hasikii kundi la watu. Alipotoka nje alikuta kopo la chai la Dinny limelala ubavu na chai bado ina moto. Jioni alimkuta gatini, kichwa kimefungwa kitambaa, akisubiri meli. Pale Archie alimwahidi kitu kidogo, kwa sababu hakuwa na kikubwa: "Siku utakayorudi nitakutembeza mwenyewe, kutoka melini mpaka kwenye ribiti ya kwanza."

Sasa aliinuka, akachukua kepu yake ya zamani kwenye msumari.

"Saa moja na nusu, Archie," Bella akasema. "Haslett hamngoji mtu."

"Najua."

"Ukienda gatini kwanza, huwahi."

"Najua, Bella. Kama Dinny asingeningoja zile wiki sita, nafasi yangu ingekuwa wapi leo?"

Bella akamnyang'anya ile kepu na kumvika kofia ngumu, akaikandamiza mpaka kwenye nyusi.

"Kama ni kwenda, nenda na hii," akasema. "Darajani kuna upepo."

Archie akayasoma macho yake, siyo midomo, akaelewa.

Dinny alikuwa amekonda. Alipowaona Archie na Cassie wanakuja gatini aliinuka haraka na kurudi hatua moja nyuma, kisha akaangua kicheko.

"Mama yangu! Nimeona kofia, nikadhani nimefukuzwa kabla sijaanza."

"Chukua mfuko wako, mzee. Tumechelewa."

"Nani kafa hata ukavaa hiyo?"

"Nitakuambia. Tembea."

Cassie alibaki gatini na sanduku. Wanaume wawili wakaingia darajani, na daraja lilikuwa limejaa. Saa ile mji mzima wa kepu humiminika kuvuka mto Lagan kwenda kiwandani, mabega kwa mabega, makopo ya chai yakigongana mapajani. Archie alitembea katikati ya barabara na Dinny ubavuni mwake. Hakusikia lolote, lakini aliona. Aliona kichwa kimoja kikigeuka, kisha vitano. Aliona midomo ikisema *Magorrian*. Kijana mpana wa mabega alitia mkono mfukoni, mahali watu walipowekea nati za chuma za kurusha Julai iliyopita, na mkono ukabaki mlemle.

Halafu macho ya yule kijana yakapanda mpaka kwenye kofia.

Mkono ukatoka mtupu, ukagusa ukingo wa kepu. "Habari za asubuhi, bwana," midomo ikasema.

Na wengine vilevile. Kepu moja baada ya nyingine iliguswa, na watu wakajisogeza pembeni, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kuipisha kofia ya aina ile bila kuuliza iko juu ya kichwa cha nani. Walidhani kampuni ndiyo iliyotuma mtu wake amlete Magorrian. Archie aliyetembea nao njia ileile kwa miaka thelathini na moja hawakumtambua.

Dinny alitembea shingo imekakamaa mpaka walipofika katikati ya daraja. Ndipo akamgeukia mwenzake ili midomo yake ionekane.

"Kumbe kofia moja tu ilitosha," akasema. "Julai kulikuwa na kofia mia mbili mle ndani, Archie."

Archie akamshika kiwiko, wakaendelea.

Bwana Haslett alikuwa amesimama nje ya mlango wa ofisi, karibu na geti, saa yake ikiwa kiganjani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, na alizungumza polepole kwa ajili ya kiziwi.

"Umechelewa dakika kumi na mbili, Bwana Mawhinney. Siku ya kwanza."

"Ndiyo, bwana. Nilikwenda kumchukua Magorrian."

"Naona. Darajani wamekuona pia. Wameshaniuliza kama ni amri ya kampuni." Alikohoa kidogo. "Kampuni haimchukii mtu yeyote. Lakini haina upande, na nyapara naye hana upande. Mwache hapo getini kama watu wengine, uingie ndani. Nitasema ulichelewa kwa sababu ya mvua."

Archie alitazama kutoka getini mpaka kwenye meli. Ni mwendo wa hatua mia nne, kati ya mbao na mabamba, penye pembe nyingi ambazo mtu akipigwa hakuna anayeona.

"Nilimwahidi mpaka kwenye ribiti ya kwanza, bwana."

"Basi nisikilize vizuri. Kofia hiyo haisindikizi mtu humu ndani. Ukitaka kwenda naye, ivue. Na ukiivua, sitakuambia uivae tena."

Dinny alikuwa amesikia. "Archie, usiwe mjinga," akamvuta koti. "Umenivusha daraja. Inatosha, ndugu yangu. Ingia ndani."

Archie akavua kofia. Upepo wa mto ukapita kwenye nywele zake chache. Akaenda kwenye dirisha la geti, mahali kila mfanyakazi hupewa kibao chake cha mbao chenye namba asubuhi na kukirudisha jioni. Boal, mzee wa geti, alimkodolea macho.

"Kibao changu, Boal."

"Kibao gani? Wewe umehamia kwenye kofia. Namba yako nimeshaitundika upande wa wasiokuwepo."

"Itundue."

Boal alimtazama Haslett kwa mbali, akamtazama Dinny, akageuka. Alirudi na vibao viwili. Cha Dinny kilikuwa na vumbi la miezi minane. Akakifuta kwa mkono wa shati kabla hajakitoa dirishani, na Archie hakuwahi kumsahau mzee yule kwa jambo lile.

Wakatembea hatua zile mia nne, Archie kichwa wazi, kofia mkononi. Hakuna kepu iliyoguswa. Mtu mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Nati moja ilipita juu ya bega lake ikagonga bamba, na hakujua mpaka alipoona Dinny ameinama. Hakuharakisha. Alimhamishia Dinny upande wa ndani, kwenye mbao, yeye akabaki upande wa nje.

Juu ya jukwaa alikuwepo Wattie Crothers, mshikiliaji wao, ambaye kazi yake ni kuikandamiza ribiti kutoka ndani ya meli wakati wao wanaipiga kutoka nje. Wattie aliwatazama kwa muda mrefu. Mtu wa mtaa mmoja na Archie. Julai hakufanya ubaya wala wema. Akaingiza mkono nyuma ya boriti, akatoa kopo la chai lililobonyea ubavu.

"Dinny," akasema, "chai yako imepoa."

Dinny alilishika kopo lile kwa mikono miwili, akashindwa kucheka.

Archie akaitundika kofia kwenye bolti iliyokuwa tupu. Kufikia king'ora cha mchana cheche zingekuwa zimeitoboa, na jioni Bella angecheka au angelia, na huenda angefanya yote mawili. Mkono wake ulikuwa umebakiwa na mwaka mmoja wa kazi, labda miwili. Alijua hivyo. Lakini pale alipokuwa amesimama mbele ya bamba, akisubiri, alijikuta anashukuru: kwa mwalimu aliyeshindwa, kwa kifundo kilichopona, kwa msichana aliyebisha mara ya pili.

Ribiti ikaletwa, nyekundu, ikaingia tunduni. Wattie, aliyekwisha kuingia ndani ya meli, akaikandamiza kutoka huko. Archie akainua mkono wa kushoto na kupiga, na kabla nyundo yake haijarudi nyuma akahisi kwenye nyayo, kupitia ubao na chuma, pigo la Dinny likitua mahali pake.