Sofa la Ghorofa ya Nne

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, saa tatu na robo asubuhi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Lifti ya hospitali ilikuwa imebeba wauguzi wawili, mfagizi na ndoo yake, mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, dada wa mgonjwa huyo, na karani wa maabara aliyekumbatia mafaili. Mwendesha lifti alikuwa amekaa kwenye stuli yake kama siku zote, mkono kwenye mpini wa chuma, amewapa abiria mgongo. Muuguzi mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake kitu kwenye simu, wote wawili wamejikaza wasicheke mbele ya mgonjwa. Simu ikatoa mlio wa geti la chuma, krrr, kisha sauti ya mzee yenye mikwaruzo:

"Inua mguu! Haya, mheshimiwa sofa, pita!"

Watu wote sita wakageuka kumtazama mwendesha lifti.

Lifti ile ni kuukuu. Haifiki sawa na sakafu, husimama chini kidogo, kama upana wa kiganja. Wakurugenzi watatu wameahidi kuitengeneza wakaondoka, na huyu wa nne anaahidi hadi leo. Kwa hiyo kila anapofungua geti, mwendesha lifti hupiga kelele, "Inua mguu!" ili watu wasijikwae. Ameyasema maneno hayo miaka ishirini na miwili. Hayafikirii, yanamtoka kama chafya. Hospitali nzima inamwita Inua-Mguu, na mlinzi wa getini hajui kama ana jina lingine.

"Baba, ni wewe huyu?" muuguzi aliuliza huku anajifuta machozi ya kicheko. "Kumbe una mambo!"

"Si mimi. Dunia ina wazee wengi."

"Na wote wana kifua kibovu kama chako?" mfagizi akadakia.

Wakacheka. Hata mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, dada yake akampigapiga mgongoni. Inua-Mguu naye alijaribu kucheka, ikashindikana. Mpini ulimteleza, lifti ikasimama pabaya kuliko kawaida, na alipofungua geti aliogopa kusema neno lolote. Mfagizi akajikwaa, maji ya ndoo yakamwagika sakafu nzima.

Kazi ni kazi, ikiondoka imeondoka. Hilo halikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa ya mtu mmoja tu, binti yake wa miaka kumi na saba, ambaye saa ile alikuwa darasani, na ambaye mchana rafiki zake wangemsogezea simu wamwambie, sikiliza, si baba yako huyu? Binti huyo aliambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba siku mama yake alipofariki, lifti ilikuwa mbovu. Kila mtu aliambiwa hivyo. Ipo karatasi inayosema hivyo, na chini yake ipo sahihi ya mwendesha lifti mwenyewe.

Lifti haikuwa mbovu. Ilikuwa imebeba sofa.

Sauti ile ya simuni ilitoka kwenye darasa la vichekesho, na aliyempeleka huko ni binti huyohuyo. Ukumbi wa nyuma ya maktaba ulibandika tangazo: darasa la bure, Jumamosi mchana, uandishi wa vichekesho na utengenezaji wa vipindi, umri wowote.

"Baba, nimekuandikisha."

"Umeniandikisha nini? Mimi niliishia darasa la tano."

"Wanataka watu wenye vituko. Wewe ukianza kuwasema wakubwa wako hapa, mimi nashika mbavu. Bora uende ukawaseme huko wakusikie watu. Tangu mama aondoke unazisemea kuta."

Akaenda kwa ajili yake. Akakuta vijana kumi na mmoja wenye simu kubwa, wakampa jina la Babu wa Darasa na kiti kilicho karibu na feni. Mwalimu alikuwa kijana mwenye miwani ya duara, mwenye kusema "safi sana" hata mtu akikosea. Kazi zilikuwa tatu, na baada ya kila kazi mwanafunzi aliandika kwenye daftari lake majibu ya maswali yaleyale: ulifanya nini, nani alicheka, na nini uliacha nje.

Kazi ya kwanza ilikuwa picha yenye maneno machache. Alipiga picha mlango wa Ofisi ya Malalamiko pale hospitali, kufuli limeota kutu, akaandika chini yake: "Tumefunga, hatuna malalamiko." Darasa lilipasuka. Daftarini aliandika kwa herufi zake kubwa zinazoegemeana: *Nimepiga picha. Wamecheka wote. Sijui kwa nini, mimi nilikuwa nasema ukweli.*

Kazi ya pili ilikuwa mazungumzo ya vitu viwili. Akaandika ndoo na fagio wanagombea nani amechoka zaidi. Hakucheka mtu. *Nimeandika ndoo na fagio. Hakuna aliyecheka isipokuwa feni. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na hasira na ndoo.*

Mwalimu alilisoma hilo la mwisho mbele ya wote. "Mmesikia Babu? Kichekesho kinataka kitu kinachokuuma. Badilisheni majina, badilisheni mahali, lakini kile kinachouma kiacheni." Halafu akainua mkono kama anaapa. "Na msiogope. Kinachorekodiwa humu kinabaki humu."

Mzee akaamini. Amewaamini wenye vyeo maisha yake yote, si kwa ujinga, ni kwa kukosa nafasi ya kufanya vingine.

Kazi ya tatu ilikuwa mchezo wa sauti wa dakika nne. Hospitali aliigeuza hoteli. Mkurugenzi akawa Bwana Mkubwa wa ghorofa ya nne aliyeagiza sofa jipya, na sofa likaingizwa kwenye lifti kabla ya wageni wote. Mlinzi anapiga saluti kwa sofa. Mhudumu anasema, "Shikamoo, mheshimiwa." Katibu wa Bwana Mkubwa anauliza kama sofa limekunywa chai. Sofa linakwama mlangoni, haliingii wala halitoki, na muda wote huo kengele ya chini inalia, ngri, ngri, ngri, na katibu anasema, "Waache, wataita tena." Sauti zote alizifanya mwenyewe. Mlio wa geti aliurekodi kwenye lifti yake, na hapo ndipo mdomo ulipomponza, maana geti lilipofunguka lile neno la miaka ishirini na miwili lilitoka lenyewe. Hakulisikia. Aliusikiliza mchezo mara tano na hakulisikia hata mara moja, kama mtu asivyosikia pumzi yake.

Darasa lilicheka mpaka kijana mmoja akaanguka kutoka kitini. Mzee aliwatazama, akacheka nao, halafu akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akasimama huko mpaka vicheko vilipokwisha.

Maana ile kengele haikuwa ya mchezo. Siku ile ililia kwa dakika ishirini na tano, na yeye alikuwa ndani, bega lake limeshikilia mguu wa sofa, katibu wa Mkurugenzi yuko mbele yake na saa mkononi. Chini mbebaji wa wagonjwa alikuwa anaita, "Lifti! Kuna mama hapa, anapelekwa chumba cha upasuaji!" Mwendesha lifti alimtazama katibu. Katibu akasema, "Maliza hili kwanza, Mkurugenzi ana wageni saa sita." Akamaliza. Aliposhuka hakukuta mtu. Wabebaji wanne walikuwa wamempandisha mgonjwa kwa ngazi, ghorofa nne, machela imeinama, na mgonjwa huyo alikuwa mkewe. Jioni hakuwepo tena duniani. Daktari alisema pengine hata lifti isingesaidia. Pengine. Wakubwa hulipenda sana neno hilo. Siku ya tatu baada ya mazishi, Mkurugenzi alimwita, akampa pole, akampa karatasi: lifti ilikuwa na hitilafu. Akasaini. Alikuwa na mtoto wa miaka kumi na minne na chumba kimoja cha watumishi nyuma ya jengo la kufulia, na kalamu ilikuwa tayari imefunguliwa kifuniko.

Sasa Jumatano hii, saa tano, tarishi akaja. "Inua-Mguu, unaitwa ghorofa ya nne."

Alijipandisha mwenyewe kwa lifti yake. Ofisini sofa lilikuwa palepale chini ya dirisha, la rangi ya damu ya mzee, limeanza kuchakaa sehemu ya kukalia.

"Karibu, kaa," Mkurugenzi alisema na kulionyesha sofa.

"Nitasimama, mkubwa. Nakaa siku nzima."

"Nimecheka sana. Una kipaji." Hakuwa anacheka. Alisukuma karatasi mezani. "Ila watu wana maneno. Wanaweza kudhani ni hapa. Hii inasema tu kwamba ule ni utunzi wa kubuni, na kwamba lifti siku ile ilikuwa mbovu, kama ulivyothibitisha wewe mwenyewe."

"Na nisiposaini?"

"Usiposaini, mzee wangu, mimi nitalazimika kuuliza kwa nini ulisaini uongo miaka mitatu iliyopita."

Hivyo ndivyo walivyo. Kosa likizaliwa ghorofa ya nne halikai huko, hushuka lenyewe bila lifti mpaka lifike kwa aliye chini kabisa.

"Mimi nasoma polepole," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Naomba nikasome nyumbani."

"Mpaka kesho asubuhi."

Zamu ilipoisha alipitia maktaba. Mwalimu alimpokea kwa furaha. "Babu! Umesikilizwa mara elfu kumi na nne!"

"Ulisema kinabaki humu."

Miwani ikashuka puani. "Ni wafadhili. Walitaka kuona mfano wa kazi zetu. Mkuu wa maktaba aliniambia nitume."

"Na yeye?"

"Naye aliambiwa."

"Na aliyemwambia naye aliambiwa," mzee akasema. "Kifute."

"Nimeshakifuta, Babu. Lakini watu wanacho kwenye simu zao." Akamrudishia daftari lililosahihishwa, kama vile daftari lile lingempoza.

Alilifungua njiani, chini ya ukuta wa shule ya udereva. Kwenye swali la tatu, nini uliacha nje, alikuwa ameandika: *Nimeacha mtu mmoja.* Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: *Safi sana! Fafanua.*

Alitembea taratibu kuliko alivyowahi kutembea. Alizunguka jengo la kufulia mara mbili, mvuke wa mashuka unampiga usoni. Alijiambia pengine simu ya binti imeisha chaji. Alijiambia watoto wa siku hizi hawamalizi kusikiliza kitu. Alipoufikia mlango, mkono ulikataa kusukuma, akausaidia kwa bega.

Binti yake alikuwa amekaa mezani na sare ya shule. Hakuwa amewasha jiko. Simu ilikuwa mbele yake, imelala kifudifudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Wameniletea ule mchezo wako darasani. Nimecheka." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu yenye maji. "Nilijivuna. Nikawaambia ndiyo, ni baba yangu, si niliwaambia ana vituko? Tukasikiliza tena. Nikacheka tena."

"Ni mchezo tu. Mwalimu alisema tubuni."

"Mara ya tatu nikasikiliza peke yangu." Akainua macho. "Baba, siku ile ya mama nilikuja mbio kutoka shule. Mlangoni kulikuwa na lori la fanicha, limeziba njia. Nililizunguka ndipo nikaingia. Sikuwahi kulifikiria lile lori mpaka leo."

Mzee akaweka daftari mezani. Juu yake akaiweka karatasi ya Mkurugenzi, akainyoosha kwa viganja ingawa haikuwa imekunjika. Binti aliisoma haraka, yeye alisoma kweli, hakuwa mtu wa darasa la tano. Kisha akalifungua daftari, akapitisha kidole kwenye yale maneno matatu na ule wino mwekundu.

"Lifti ilikuwa nzima," alisema.

Mzee angeweza kukana. Miaka mitatu alikuwa amejizoeza kukana, mbele ya kioo, mbele ya kaburi. Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko alivyotegemea.

"Ilikuwa nzima."

Nje mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka, ukuta unatetemeka kidogo. Alisubiri binti alie. Alisubiri apige kelele, arushe kitu, atoke nje aende kwa mama yake mdogo asirudi. Alikuwa na hofu ya kila kimoja kati ya hivyo na alikuwa amekiandalia neno. Binti hakufanya hata kimoja. Alikaa vilevile, kidole kwenye daftari, akamtazama baba yake usoni kama anayemtafuta mtu mwingine humo ndani, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kengele ilipokuwa inalia kule chini, baba, wewe ulijua ni mama?"